Deni la Dola 90,000 na Mshahara wa Mwalimu wa Urubani: Hesabu Kabla ya Kusaini

Swali: "Nina miaka 26, naishi Dallas, nina green card. Nafanya kazi ghalani. Shule moja ya urubani imenipa bei ya dola 90,000 kunitoa sifuri hadi cheti cha ualimu kwa miezi 9. Benki iko tayari kunikopesha zote kwa riba ya asilimia 12, na mjomba wangu amekubali kunidhamini. Nimepanga kufundisha hapo hapo hadi nifikishe saa 1,500 huku nikilipa deni, halafu niombe kazi kwenye shirika la ndege. Je, mshahara wa mwalimu unatosha kula na kulipa?"

Jibu:

Kula, unatosha. Kula na kulipa deni la ukubwa huo, hautoshi, angalau kwa mwaka wa kwanza na mara nyingi hata wa pili. Lakini deni la karibu dola 40,000 mshahara huo unaweza kulibeba, na urubani unafikika kwa deni la kiasi hicho ukikubali kwenda polepole. Nitakuonyesha kwa tarakimu, kwa sababu wanaouza mafunzo haya huongea sana juu ya mshahara wa rubani wa ndege kubwa na kuipita haraka ile miaka miwili ya katikati. Hiyo miaka miwili ndiyo inayowaangusha watu.

Njia ya ualimu imekuwa ya lazima kwa wengi kwa sababu ya sheria. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, New York, na watu 50 wakafa. Mwaka 2010 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na cheti cha ATP, yaani cheti cha juu cha rubani wa mashirika ya ndege, ambacho kwa kawaida kinadai saa 1,500 za kuruka. Cheti cha biashara unakipata na saa 250 tu, au 190 kwenye shule zenye mtaala ulioidhinishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Hapo katikati kuna saa zaidi ya 1,200, na hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuzinunua. Ukifundisha, mwanafunzi ndiye anayelipia ndege, wewe unaandika saa kwenye daftari lako na unalipwa juu yake. Nyumbani Afrika Mashariki mambo ni tofauti: kwa viwango vya kimataifa rubani msaidizi anaweza kukaa kiti cha kulia akiwa na leseni ya biashara, idhini ya kuruka kwa vyombo (yaani kwa kusoma vipimo vya ndani ya ndege bila kuona nje) na mafunzo ya aina ya ndege husika, ingawa kila mwajiri huweka kima chake. Kwa hiyo usijilinganishe na rafiki aliyesomea uwanja wa Wilson, Nairobi. Barabara yenu si moja.

Sasa deni. Dola 90,000 kwa asilimia 12 huzaa riba ya dola 900 kwa mwezi. Mikopo mingi ya namna hii hukuacha bila kulipa wakati wa masomo na miezi michache baada ya kumaliza, tuseme 6. Miezi 9 ya masomo na 6 ya kusubiri ni 15. Kama benki imetoa fedha zote mwanzoni, riba iliyojikusanya ni dola 13,500, na siku ya kuanza kulipa inaunganishwa na deni lenyewe. Unaanza kulipa dola 103,500, si 90,000, na tangu siku hiyo unatozwa riba juu ya riba. Kwa miaka 10 rejesho la mwezi ni kama dola 1,485. Ukiomba miaka 15 linashuka hadi kama 1,242, lakini jumla utakayokuwa umelipa inapanda kutoka karibu 178,000 hadi karibu 223,600. Angalia vizuri: umeongeza miaka mitano na zaidi ya dola 45,000 ili kupunguza dola 243 tu kwa mwezi. Kurefusha mkopo wenye riba kubwa hakuleti nafuu ambayo watu hudhani kutaleta.

Mshahara nao unahitaji kusomwa kwa makini. Tangazo likisema dola 28 kwa saa, usizidishe kwa saa 40. Mwalimu wa urubani halipwi kwa kuwepo uwanjani, analipwa kwa saa anayotozwa mwanafunzi, na shule nyingi hupima saa hiyo kwa Hobbs, kile kijisaa cha kwenye ndege kinachohesabu muda injini ikiwa inafanya kazi. Zamu ya saa 2 kwenye ratiba huzaa kama saa 1.3 za Hobbs, na shule yenye utu huongeza 0.3 au 0.5 ya maelezo kabla na baada ya kuruka. Nyingine haziongezi kitu. Mwanafunzi anatozwa dola 65 kwa saa ya mwalimu, wewe unapata chini ya nusu. Tofauti inabaki shuleni.

Chukua siku moja ya Machi kaskazini mwa Texas. Saa 1 asubuhi mawingu yako futi 800, mwanafunzi wako wa leseni binafsi hawezi kwenda popote, kwa hiyo mnakaa darasani saa moja. Saa 3 mawingu yameachia, mnaruka, Hobbs inasoma 1.3 na shule inakulipa 0.3 ya maelezo. Saa 5 unaingia kwenye Cessna 172S na mwanafunzi wa pili. Kwenye ukaguzi wa injini mwishoni mwa njia mnapandisha mizunguko hadi 1,800 kwa dakika, mnazima magneto moja kati ya mbili zinazotoa cheche za injini, na mshale unaanguka mizunguko 200 wakati kikomo ni 150. Mnajaribu kusafisha plagi kwa kuchoma masizi yaliyoganda, inaanguka vilevile, mnarudi kwa fundi. Hobbs 0.3. Wa saa 8 mchana ametuma ujumbe: hana pesa hadi mwisho wa mwezi. Wa saa 10 jioni amefika, lakini upepo unapiga hadi noti 30, kama kilomita 55 kwa saa, na yeye bado hajaruka peke yake. Umekuwa uwanjani zaidi ya saa 9, unalipwa saa 2.9. Kwa dola 28 hiyo ni dola 81 na senti kabla ya makato.

Si kila siku iko hivyo. Siku nzuri ya Oktoba utapata wanafunzi wanne na saa 7 zinazolipwa. Kanuni ya FAA hairuhusu mwalimu kutoa zaidi ya saa 8 za mafunzo ya kuruka ndani ya saa 24, na mwili wako utakwambia mapema kuliko kanuni. Ukichanganya siku nzuri na mbaya, likizo, mafua, ndege zilizolala gereji na wanafunzi waliokatika, saa 25 zinazolipwa kwa wiki, 17 angani na 8 darasani, ni makadirio ya haki kwa mwalimu aliyekwishapata wanafunzi wake. Miezi mitatu ya mwanzo hesabu nusu yake, kwa sababu mwalimu mpya anaanza na mwanafunzi mmoja au wawili, tena mara nyingi wale walioachwa na mwalimu aliyeondoka.

Saa 25 kwa dola 28 kwa wiki 48 ni dola 33,600 kwa mwaka, yaani 2,800 kwa mwezi. Makato ya Social Security na Medicare ni asilimia 7.65, kama dola 214. Kodi ya mapato ya serikali kuu kwa mtu asiye na mke wala watoto itakuwa kama 160. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, hilo ni jambo la kushukuru. Mkononi unabaki na kama dola 2,430. Toa chumba cha kushirikiana 750, gari na bima yake na mafuta 550, chakula 350, bima ya afya 100, simu 50. Jumla 1,800. Imebaki dola 630, na rejesho ni 1,485. Pengo ni zaidi ya dola 850 kila mwezi, na sijaweka hela ya kutuma nyumbani wala ya tairi kupasuka.

Ili mshahara huo uzibe pengo lote, ungehitaji kama saa 34 na nusu zinazolipwa kila wiki, wiki 48 mfululizo, tangu siku ya kwanza. Wapo wanaofikia hapo, kwenye shule kubwa zenye wanafunzi wa kudumu, miezi ya hali nzuri ya hewa. Ni saa 55 au 60 za kuwa uwanjani kwa wiki. Mpango unaosimama juu ya hali hiyo kuwa ya kawaida unavunjika na mvua za wiki mbili.

Sasa geuza swali. Badala ya kuuliza kama mshahara unatosha deni, uliza ni deni gani linalotosha mshahara. Una dola 630 za ziada, usizibane zote. Dola 40,000 kwa asilimia 12 kwa miaka 10 ni rejesho la dola 574 kwa mwezi, mradi uwe umelipa riba ya dola 400 kwa mwezi wakati wa masomo ili isiunganishwe na deni. Hicho ndicho kikomo chako, na bado kinabana. Ukifanikiwa kupata riba ya asilimia 9 kikomo kinapanda kidogo, lakini usikopee tarakimu ambayo bado hujapewa kwa maandishi.

Hizo dola 50,000 nyingine zitoke wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye kazi uliyonayo. Leseni binafsi inahitaji saa 40 kisheria, lakini wengi wanaimaliza kwenye 60 hadi 70. Cessna 172 ya dola 170 kwa saa na mafuta ndani, mara saa 65, ni dola 11,050. Saa 55 za mwalimu, angani na chini, kwa dola 65 ni 3,575. Weka mtahini, mtihani wa maandishi, kipaza sauti cha masikioni, vitabu na daktari, utafika karibu 16,000 hadi 17,000. Ukiwa ghalani na kuruka mara mbili au tatu kwa wiki unaweza kuzilipa taslimu ndani ya mwaka, na hapo ndipo utajua kwa fedha zako mwenyewe kama kazi hii unaipenda na kama kichwa chako kinaielewa. Usiruke mara moja kwa wiki. Mkono unasahau na unalipia somo lile lile mara mbili. Saa za kujijazia kati ya leseni binafsi na cheti cha biashara ndipo pa kubana matumizi: jiunge na klabu ya ndege, au shirikiana ndege na mwenzako mwenye idhini ya vyombo, mmoja akiruka huku amevaa kofia ya kuziba macho na mwingine akiwa rubani wa usalama, mkigawana gharama. Mkopo ubaki wa awamu za mwisho: vyombo, biashara, injini mbili na ualimu. Kwa njia hii utachukua miaka miwili na nusu au mitatu badala ya miezi 9. Najua umri unakukimbiza, lakini mtu anayeingia shirika la ndege akiwa na miaka 31 na deni la 40,000 yuko mbele ya aliyeingia na 29 akiwa ameharibu rekodi yake ya mikopo na ya mjomba wake.

Juu ya mjomba niseme wazi, kwa sababu katika jamii zetu udhamini hutolewa kwa moyo na karatasi husainiwa bila kusomwa. Mdhamini wa mkopo binafsi Marekani si shahidi wa tabia yako. Anadaiwa deni lote kama wewe unavyodaiwa, na likichelewa linaandikwa kwenye rekodi yake siku ile ile linapoandikwa kwenye yako. Kama anapanga kununua nyumba, deni hilo la 90,000 benki ya nyumba italiona. Muulizeni mkopeshaji kama kuna utaratibu wa kumtoa mdhamini, baada ya marejesho mangapi ya wakati, na kwa kipato gani. Wengi wanao, ila sharti la kipato ni gumu kwa mwalimu wa urubani. Mkae naye mezani na hesabu hii, aone pengo la dola 850 kwa macho yake, kisha aamue.

Mikopo ya serikali kuu ni kitu kingine. Inapatikana tu ukisoma chuo kinachotambuliwa kwa misaada ya wanafunzi, na wewe mwenye green card unaruhusiwa kuomba. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayejitegemea kikomo cha jumla ni dola 57,500, riba huwa chini, na marejesho yanaweza kufungwa kwenye kipato chako, kitu ambacho mkopo binafsi haukupi. Chuo chenye programu ya urubani iliyoidhinishwa pia hupunguza saa za ATP hadi 1,000 kwa shahada yenye masomo ya kutosha ya anga, au 1,250 kwa masomo machache zaidi. Saa 500 pungufu ni zaidi ya nusu mwaka wa kufundisha. Lakini ada ya chuo inaweza kumeza faida yote hiyo, kwa hiyo piga hesabu ya jumla.

Kabla ya senti ya mkopo kutoka, fanya mambo mawili. La kwanza ni hati ya afya ya daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na FAA, hata kama kufundisha hakuhitaji daraja hilo. Tangu 2025 waombaji wapya hupimwa macho ya rangi kwa kompyuta, na kuna watu hugundua hapo tatizo ambalo hawakuwahi kulijua. Kugundua baada ya kutumia dola 60,000 ni msiba, kwa sababu deni halifutiki ukikosa hati. La pili ni TSA, idara ya usalama wa usafiri: mwenye green card bado si raia, kwa hiyo unahitaji kibali chao cha usalama kabla ya mafunzo ya leseni ya kwanza, ya vyombo na ya injini mbili. Jaza fomu zao mapema, shule isije ikakutoza wakati unasubiri.

Na hiyo shule, iulize maswali haya ukiwa umeshika kalamu. Kati ya wanafunzi wenu kumi wa mwisho waliopata cheti cha ualimu, wangapi wanafundisha hapa leo, na walisubiri wiki ngapi? Walimu wenu waliandika saa ngapi mwezi wa Januari, na ngapi mwezi wa Juni? Mnalipa saa za darasani na za simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka? Mwanafunzi asipotokea, mwalimu anapata chochote? Mnasubiri mtahini kwa muda gani? Swali hili la mwisho watu hulidharau. Uhaba wa watahini ni wa kweli, na mwanafunzi anayesubiri mtahini wiki sita harushwi kila siku, kwa hiyo nawe hulipwi. Na kama wameandika kwamba kazi ya ualimu ni ya uhakika, tafuta masharti chini ya ukurasa: mara nyingi uhakika unakufa ukifeli mtihani mmoja wa kuruka, au unakulazimu kuhamia jimbo lolote watakalokupangia. Mwaka 2022 na 2023 walimu walikuwa wakiondoka kwenda mashirika ya ndege kila wiki na nafasi zilikuwa wazi. Mwaka 2024 mashirika yalipopunguza kuajiri, walimu walibaki kwenye viti vyao, na waliomaliza nyuma yao wakasubiri miezi huku riba ikitembea. Ndiyo maana nasisitiza akiba ya miezi minne, maisha na rejesho pamoja, karibu dola 9,500, iwe benki siku unayofanya mtihani wa ualimu.

Fedha za mafunzo zisilipwe zote mapema. Silver State Helicopters ya Nevada ilifunga ghafla Februari 2008 na kufilisika, ikiwaacha wanafunzi na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola kwa masomo ambayo hawakuyamaliza. Shule kufungwa peke yake hakukufuta madeni hayo. Taka mkopo utoke kwa awamu, na ndani ya shule usiweke zaidi ya dola elfu moja au mbili kwa wakati mmoja. Shule inayokupa punguzo kubwa ukilipa yote leo ndiyo ya kuogopa zaidi.

Ukishaajiriwa, tazama unalipwa kwa karatasi gani. Mwajiriwa hupewa W-2 na mwajiri hulipa nusu ya makato ya Social Security na Medicare. Anayelipwa kama mkandarasi hupewa 1099, anabeba asilimia 15.3 peke yake, na lazima apeleke kodi ya makadirio mara nne kwa mwaka: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Dola 32 za 1099 hazizidi 28 za W-2 kwa kiasi unachodhani ukishatoa hiyo na bima ya ajali kazini ambayo mkandarasi hana. Shule ikikupangia ratiba, bei, ndege na hata fulana ya kuvaa, kisha ikakuita mkandarasi, kuna fomu ya SS-8 ya kuiomba mamlaka ya kodi iamue hadhi yako. Wengi hawaipeleki kwa hofu ya kupoteza nafasi, na ninawaelewa, lakini angalau tenga robo ya kila hundi ili Aprili isikukute mikono mitupu.

Cheti cha pili cha ualimu, cha vyombo, kichukue haraka, ndani ya miezi miwili ya kile cha kwanza ikiwezekana. Ile siku ya Machi niliyoeleza ingeokolewa nacho: saa ya asubuhi yenye mawingu ingekuwa ya simuleta au ya kuruka ndani ya mawingu na mwanafunzi wa vyombo, na upepo wa jioni usingekufutia ratiba. Cha injini mbili nacho kina thamani yake, kwa sababu ATP inadai saa za injini mbili na ukizinunua mwenyewe ni ghali mno.

Kuna mtego wa daftari ambao hukamata watu wakiwa na saa 1,450. ATP haihesabu jumla peke yake. Inataka saa 500 za safari za mbali, zaidi ya maili 50 za baharini kwa mstari ulionyooka. Ukiwa na 200 unaweza kupata ATP yenye masharti, inayotosha kuanza kama msaidizi. Inataka saa 100 za usiku na 75 za vyombo. Mwanafunzi akiwa amevaa kofia ya kuziba macho, saa ya vyombo ni yake, si yako. Wewe unaandika tu ile ya ndani ya mawingu ya kweli. Mwalimu aliyezunguka kiwanja kimoja kwa mwaka mzima anafikisha 1,500 na bado hana saa za vyombo, kisha anakodi ndege kwa fedha zake wakati alikuwa anatakiwa kuanza kulipwa. Kagua safu hizo kila mwezi na upange masomo ya usiku na ya safari kwa makusudi.

Kwa wiki zenye saa 17 angani utaongeza kama saa 816 kwa mwaka. Kutoka 260 hadi 1,500 ni mwaka mmoja na nusu, na ukihesabu miezi mibovu ya mwanzo, karibu miwili. Mbele yake kipo cha kutazamia: tangu Juni 2022 mashirika madogo yanayomilikiwa na American, yaani Envoy, Piedmont na PSA, yalipandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa. Kwa saa 75 za uhakika kwa mwezi hiyo ni dola 6,750. Kwa kipato hicho rejesho la 574 hulipi, unalimaliza. Ila kati ya barua ya kukubaliwa na siku ya darasa inaweza kupita miezi kadhaa, na mkopo haujui kama una barua.

Unaweza pia kufundisha bila kuacha kazi nyingine. Wanafunzi wengi wana kazi zao na huruka jioni na wikendi, kwa hiyo mwalimu wa saa 10 kwa wiki anahitajika sana kwenye klabu ndogo. Saa zitachukua zaidi ya miaka miwili na nusu, lakini deni linalipwa na ghala. Sharti langu ni moja: usitoke zamu ya usiku ukaingia kwenye ndege na mwanafunzi. Mwanafunzi anayetua vibaya anakupa sekunde mbili za kuokoa, na macho yaliyokesha hayana sekunde hizo.

Kwa wanaosoma hili wakiwa Nairobi, Dar, Kampala au Goma na wanafikiria kuja Marekani kwa mpango huu huu: viza ya M-1, ya masomo ya ufundi, hairuhusu kufanya kazi wakati wa masomo, na baadaye hutoa mwezi mmoja wa mazoezi ya kazi kwa kila miezi minne uliyosoma, usiozidi miezi sita. F-1, ya masomo ya chuo, hutoa mwaka mmoja. Muda huo haufikishi saa 1,500, na mtu asikukopeshe kwa kukuambia kwamba unafikisha.

Na kama kuna aliyekwishasaini na rejesho linamkaribia kumshinda, apige simu kwa mkopeshaji kabla ya tarehe kupita, si baada. Aombe kulipa riba tupu kwa miezi 6 hadi 12. Kwenye deni la 103,500 hiyo ni dola 1,035 badala ya 1,485. Kusimamishiwa malipo kabisa kuwe la mwisho, kwa sababu riba inaendelea na huunganishwa na deni. Mkopo binafsi mara nyingi hutangazwa umeshindikana baada ya siku kama 120 tu, wakati wa serikali ni 270, kwa hiyo mwenye yote miwili aupe wa binafsi kipaumbele na ule wa serikali aombe mpango wa kufuata kipato. Makubaliano yoyote yaandikwe kwa barua pepe, yakitaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kiasi, na nakala apewe mdhamini siku hiyo hiyo.